Jinsi ya Kuchora Milima ya Theluji na Watelezaji Wake kwa Rangi za Mafuta: Mwongozo Kamili

Wengi wanaotaka kuchora theluji huanza kwa kuminya tyubu ya rangi nyeupe, na picha huharibika hapohapo kabla haijaanza. Theluji huchorwa kwa vivuli. Nyeupe huja mwishoni, tena kidogo, mahali pachache ulipopachagua kwa makini. Hatua zote zilizomo humu zinafuata kanuni hiyo, na ukiishika vizuri hata mlima mgumu utakutii.

Ushahidi upo makumbushoni. Mwaka 1869 Claude Monet alipeleka kwenye maonyesho ya Salon jijini Paris picha ya shamba lililofunikwa theluji, lenye uzio wa fito na ndege mmoja aliyetua juu ya lango. Waamuzi waliikataa. Leo picha hiyo, La Pie, imetundikwa Musée d'Orsay na ni miongoni mwa michoro ya theluji inayopendwa kuliko yote. Itazame, hata katika nakala nzuri iliyochapishwa, kisha utafute nyeupe tupu. Utaipata kwa shida. Vivuli vya uzio ni vya buluu iliyochanganyika na urujuani, na theluji inayopigwa na jua ina manjano hafifu na waridi. Jicho lako ndilo linalokamilisha weupe.

Kwa nini theluji ina rangi

Theluji mpya hurudisha takriban asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia. Maana yake ni kwamba inaonyesha rangi ya chochote kinachoimulika. Sehemu iliyo juani inapokea mwanga wa jua wenye joto la manjano, na asubuhi au jioni, jua likiwa chini, joto hilo hugeuka chungwa na waridi. Sehemu iliyo kivulini hailioni jua. Inamulikwa na anga peke yake, na anga ni buluu kwa sababu hewa hutawanya mawimbi mafupi ya mwanga kuliko marefu. Ndiyo maana vivuli vya theluji siku ya jua huwa buluu kweli, wala si madoido ya wachoraji. Ukichimba shimo kwenye theluji nene utaona buluu iliyokolea zaidi ndani yake, kwani barafu hufyonza wekundu wa mwanga kadiri mwanga unavyopenya.

Siku ya mawingu mambo hubadilika. Mwanga unatoka kila upande, vivuli vinafifia, na mara nyingi theluji huonekana angavu kuliko anga. Pieter Bruegel alilijua hilo mwaka 1565 alipochora Wawindaji Thelujini, picha iliyopo Kunsthistorisches Museum mjini Vienna. Anga yake ni ya kijivu chenye ukijani, na mabwawa yaliyoganda yana rangi ileile ya anga. Theluji iko juu ya vyote viwili kwa mwangaza, ingawa haing'ai. Bruegel alikuwa amevuka milima ya Alps ya Ulaya miaka kumi hivi kabla, na vilele vilivyochongoka vya upande wa kulia havikutoka kwenye nchi yake tambarare.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa brashi, jibu swali moja: mwanga wa picha yangu unatoka wapi, na ni wa rangi gani? Jibu lake ndilo litakaloamua kila mchanganyiko utakaoufanya.

Vifaa

Huhitaji rangi nyingi. Chukua nyeupe ya titani, buluu ya altramarini, buluu ya kobalti, manjano ya udongo, nyekundu ya alizarini au nyekundu nyingine yenye ubaridi, na kahawia ya udongo uliochomwa. Ongeza nyekundu kali moja, ya kadimiamu kama unayo, kwa ajili ya nguo za mtelezaji, yaani mtu anayeteremka mlima kwa skii, vile vipande viwili virefu na vyembamba vinavyofungwa miguuni. Rangi nyeusi iache kando. Altramarini ikichanganywa na kahawia iliyochomwa hutoa giza zito linalofaa miamba na miti, na unaweza kulisukuma lielekee joto au ubaridi upendavyo.

Kuhusu nyeupe pana jambo la kujua. Kwa karne nyingi wachoraji walitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Nyeupe ya zinki ilienea katika karne ya 19, na ya titani ikaingia kwenye paleti za wachoraji, yaani mbao zao za kuchanganyia rangi, kuanzia miaka ya 1920. Titani hufunika vizuri, lakini ina nguvu sana: tone lake moja linameza rangi nyingine na kuziacha zimepauka kama chaki. Zinki ni laini na inapenyeza mwanga, ila ikikauka kwenye tabaka nene la mafuta huwa rahisi kupasuka. Kwa kazi hii tumia titani, na ujizoeze kuiongeza kidogo kidogo kwenye rangi, badala ya kuongeza rangi kwenye rundo la nyeupe.

Brashi tatu bapa za manyoya magumu, moja pana na mbili za wastani, brashi moja nyembamba kwa mtelezaji, na kisu cha kupakia rangi. Kisu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, nitakirudia. Kanvasi ya sentimita 40 kwa 50 inatosha kwa kuanzia.

Usichore theluji juu ya kanvasi nyeupe. Kanvasi nyeupe inakunyima kipimo: kila rangi utakayoiweka itaonekana nyeusi mno, utaogopa, utaipausha, na mwishowe hutakuwa na nafasi ya kupanda juu zaidi. Siku moja kabla, chukua kahawia kidogo, iyeyushe kwa tapentaini, ipake kote, kisha uifute kwa kitambaa hadi ibaki rangi hafifu ya udongo mkavu. Juu ya udongo huo, kivuli cha buluu kitaonekana buluu na theluji ya juani itawaka yenyewe. Vilevile vijisehemu vya udongo vitakavyochungulia kati ya mapigo ya brashi vitaleta joto ambalo picha za theluji hulikosa mara nyingi.

Kutazama mlima, nje au kwenye picha za kamera

Kama unaweza kufika mlimani, nenda, hata kama kazi kubwa utaifanyia ndani. Anna Boberg, mchoraji wa Uswidi, alirudi mara kwa mara kwenye visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwe, akachora nje katika baridi kali akiwa amejifunika manyoya. Baridi hufanya rangi ya mafuta iwe ngumu kusambaa, na rangi za maji huganda juu ya karatasi. Wachoraji wengine hutia pombe kali kidogo kwenye maji ili yachelewe kuganda. Vaa glavu nyembamba ndani ya glavu nene, simama juu ya kipande cha ubao au godoro la povu ili miguu isigusane na theluji, na uchore vipande vidogo vya dakika 20 au 30.

Macho yalinde. Mionzi ya jua inayodhuru huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji huirudisha usoni kwako kutoka chini. Miwani ya jua ni lazima, ingawa inabadilisha rangi. Njia inayofanya kazi ni kusimama kivulini, kanvasi ikiwa kivulini pia, kuchagua miwani ya kijivu isiyo na rangi nyingine, na kuandika maneno pembeni mwa mchoro: “kivuli hiki kimeiva kuliko anga”, “hapa pana waridi”. Maneno hayo yatakufaa ndani ya nyumba kuliko picha ya simu.

Picha ya kamera nayo ina udanganyifu wake. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu cha kati, kwa hiyo theluji huigeuza kijivu. Ukipiga picha za kuchorea, ongeza mwanga kwa hatua moja hadi mbili juu ya kipimo cha kamera, kisha upige nyingine bila kuongeza ili upate undani wa sehemu angavu. Usiige vivuli vya picha ya simu bila kufikiri. Simu nyingi huvifanya ama vyeusi mno ama buluu kupita kiasi.

Hatua ya kwanza: mchoro mdogo wa toni tatu

Chora mstatili mdogo usiozidi kiganja, na ugawe mandhari yote katika toni tatu tu: angavu, ya kati na giza. Kwa toni ninamaanisha kiasi cha mwanga au giza cha rangi, bila kujali ni rangi gani. Theluji juani ni angavu. Vivuli na anga ni vya kati. Miamba na misonobari ni giza. Kama picha haisomeki ikiwa na toni tatu, haitasomeka ikiwa na rangi mia. Tengeneza michoro minne au mitano hivi, ukibadilisha mahali pa mteremko na ukubwa wa kivuli.

Mteremko ndio unaoipa picha ya kuteleza mwendo wake. Mstari unaokatiza mshazari kutoka kona moja hadi nyingine huwa na kasi. Mstari wa ulalo hutulia. Bruegel aliwaweka wawindaji na miti juu kushoto, akaacha ardhi ianguke kuelekea bonde la kulia, na jicho linateremka nayo. Ukiwa na mtelezaji, acha nafasi kubwa mbele yake kuliko nyuma, ili mtazamaji aone anakokwenda. Mimi hupendelea kivuli kikubwa kimoja chini ya picha na mwanga kupita katikati; kivuli cha mbele huifanya theluji ya nyuma iwake bila kuongeza hata chembe ya nyeupe.

Hatua ya pili: mifupa ya mlima

Kosa la kawaida zaidi ni mlima wa pembetatu uliovishwa kofia nyeupe. Hakuna mlima wa namna hiyo. Kila mlima una sura yake kama mtu alivyo na uso wake, na anayeufahamu huutambua kwa mstari mmoja. Matterhorn, mlima wa Alps, unajulikana kwa kilele kilichopinda. Ukiuchora wima sawasawa umechora mlima mwingine.

Kwa brashi nyembamba na kahawia iliyoyeyushwa, chora kwanza migongo ya mlima, yaani mistari inayoshuka kutoka kileleni na kugawanyika mara kadhaa. Kati ya migongo miwili pana korongo. Kila mgongo una upande unaotazama jua na upande unaolipa kisogo. Ukishaweka migongo mahali pake, vivuli vitajipanga vyenyewe.

Kisha jiulize theluji inashika wapi. Kwenye mteremko wa wastani hukaa; kwenye mwamba uliosimama karibu wima haikai. Maporomoko ya theluji hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, kwa sababu hapo theluji hujikusanya nyingi na bado mwinuko unatosha kuifanya iteleze. Hivyo miamba iliyo wazi iweke kwenye kuta kali na kingo zinazopigwa na upepo, na theluji nene kwenye makorongo na chini ya kuta. Usinyunyize miamba ovyo ili kujaza nafasi. Mtu aliyewahi kupanda ataliona kosa hilo kabla ya yote.

Hatua ya tatu: anga kabla ya ardhi

Anza rangi kwa anga, kwa sababu rangi ya anga ndiyo utakayoihitaji kwa vivuli. Siku angavu milimani anga ya juu kabisa huwa buluu iliyoiva, na hupauka kadiri inavyokaribia upeo. Juu tumia kobalti na altramarini pamoja na nyeupe kiasi. Karibu na vilele ongeza nyeupe na manjano ya udongo chembe. Iache iwe na giza kidogo kuliko unavyodhani inafaa. Anga iliyopauka mno ndiyo inayowaua wachoraji wa theluji: mlima haupati kitu cha kung'aa dhidi yake.

Usisafishe paleti. Ule mchanganyiko wa anga uliobaki utauhitaji sasa hivi.

Hatua ya nne: vivuli vyote, kabla ya theluji yoyote ya juani

Hii ndiyo hatua kuu, na ipe muda kuliko nyingine zote.

Chukua rangi ya anga, ongeza altramarini, na alizarini kidogo ili isogee kuelekea urujuani. Ikiwa imewaka mno, ipoze kwa kahawia kidogo. Fikiria ngazi ya toni kumi, sifuri ikiwa giza kamili na kumi ikiwa nyeupe ya tyubu. Theluji juani utaiweka kwenye 9. Kivuli cha theluji siku ya jua kiweke kati ya 6 na 7 kikiwa karibu, na 7 hadi 8 kikiwa mbali. Miamba ni 3 au 4, misonobari 2. Hizi si sheria za maumbile, ni mahali pazuri pa kuanzia. Jambo la maana ni kwamba hata kivuli cha theluji ni angavu kuliko mwamba ulioko juani. Anayeanza hukitia kivuli giza hadi kifanane na mwamba, na theluji inageuka kuwa mawe yenye vumbi.

Paka vivuli vyote kwa rangi nyembamba, ukifuata umbo la ardhi. Kivuli kinacholala juu ya theluji ni ramani ya uso wake: kikipita juu ya tuta kinapanda, kikiingia kwenye bonde kinazama. Kivuli cha mti kilichonyooka kama rula kinasema ardhi ni bapa kabisa, hata kama hukukusudia hivyo. Kipindishe mahali ardhi inapopinda.

Vivuli vya mbali vipaushe na kuvisogeza kuelekea rangi ya anga. Vya karibu vipe maisha zaidi, buluu hapa, urujuani pale, na joto kidogo mahali ambapo mteremko wa juani uliopo mkabala unarudisha mwanga ndani ya kivuli. Harald Sohlberg, Mnorwe, alilibeba wazo hili hadi mwisho wake katika Usiku wa Baridi Milimani, picha ya milima ya Rondane aliyoihangaikia kwa miaka mingi na kuikamilisha mwaka 1914. Ni buluu karibu yote, yenye nyota moja katikati ya anga, na hakuna anayesita kwamba ile ni theluji.

Ukimaliza, rudi nyuma mita tatu. Picha inapaswa kuonekana tayari kama mlima wa theluji, ingawa sehemu za juani bado ni udongo mtupu wa kanvasi.

Hatua ya tano: theluji inayopigwa na jua

Sasa ndiyo nyeupe inaingia, nayo haiingii peke yake. Changanya nyeupe na manjano ya udongo kidogo sana, na rundo la pili lenye nyeupe na alizarini kiasi cha kuonekana kwa shida. La kwanza ni kwa nyuso zinazolitazama jua moja kwa moja. La pili ni kwa zile zinazoanza kugeuka. Uso uliolala chali ukitazama juu hupokea jua na anga pamoja, kwa hiyo uwekee ubaridi kidogo wa kobalti.

Hapa shika kisu. Beba rangi nene ukingoni mwake, uilaze juu ya kanvasi, kisha uiachie bila kuisugua. Rangi nene yenye kingo zake hunasa mwanga wa chumba na kung'aa, ilhali vivuli vyembamba vinarudi nyuma. Nene kwenye mwanga, nyembamba kwenye kivuli. Giovanni Segantini, aliyechora Alps za Engadin, bonde la Uswisi, hadi kifo chake mlimani mwaka 1899, alifika kwenye mng'ao kwa njia nyingine: nyuzi ndefu za rangi safi zilizolazwa bega kwa bega, za joto na za baridi, zinazochanganyika machoni. Jengo la Segantini Museum huko St. Moritz lilifunguliwa mwaka 1908 kwa ajili ya kazi zake. Ukiwa na subira jaribu mbinu yake kwenye kona moja ya picha.

Kingo ndizo zinazotofautisha theluji na plasta. Tuta lililojengwa na upepo lina upande mmoja unaopanda taratibu, na upande wa pili unaokatika ghafla. Hivyo mpaka wa mwanga na kivuli kwenye ukali wa tuta uwe mkali kama umekatwa kwa wembe, na upande wa mteremko laini mwanga uyeyukie kivulini kwa toni ya kati. Tumia brashi kavu safi kuvuta mpaka huo mara moja, usirudie. Ukiwa na kingo kali pekee utapata karatasi iliyokunjwa. Ukiwa na laini pekee utapata pamba.

Hatua ya sita: miti na miamba

Hapa usikawie. Msonobari uchore kama bonge moja la giza, altramarini na kahawia pamoja na manjano chembe, kisha uweke theluji juu ya matawi ukianza na rangi ya kivuli na kumalizia kwa mguso mmoja wa mwanga upande wa jua. Miti ya mbali ni buluu ya kijivu isiyo na matawi. Miti pia ni kipimo: ukishaweka msonobari mmoja, mtazamaji anajua mlima una ukubwa gani, na mtelezaji wako lazima akubaliane nao.

Hatua ya saba: mtelezaji

Wachoraji wengi wa mandhari humchora mtelezaji kama mdoli aliyebandikwa. Sababu ni moja: humwanzia kichwani. Mwanzie chini. Chora kwanza skii mbili kama masanduku membamba yaliyolala juu ya uso wa mteremko, zikifuata mwinamo wake na zikifupika kwa mtazamo kama zinaelekea kwako. Kisha viatu, magoti, nyonga, na kichwa mwisho.

Mwili una mantiki yake. Katika kona, uzito mwingi umeegemea skii ya nje, ile iliyo mbali na kitovu cha mzunguko. Magoti na nyonga huinamia ndani ya kona, lakini kifua hubaki kikitazama chini ya bonde na mabega hayainami sana. Mikono iko mbele, fimbo zinaelekea nyuma. Magoti yamekunjwa daima. Mtelezaji aliyenyooka magoti na kurudisha uzito nyuma anakaribia kuanguka, na mtazamaji atalihisi hilo hata kama hajawahi kuona theluji.

Zama nazo ziheshimu. Skii za kisasa za kuteremkia, zikisimamishwa, hufika kati ya kidevu na paji la uso. Za zamani za mbao zilimzidi mtu kimo, zikifika mkono ulioinuliwa juu. Ukichora mandhari ya miaka ya 1930, weka mbao ndefu, fimbo zenye vikapu vikubwa vya duara, suruali za sufu, na usiweke kofia ngumu. Mwalimu bora wa zama hizo ni Alfons Walde wa Kitzbühel, Austria, aliyeishi kati ya 1891 na 1958. Theluji yake ni mabonge mazito ya rangi, watelezaji wake ni maumbo machache yaliyorahisishwa, na bado unajua nani anapanda na nani amepumzika. Kwa simulizi ya kale zaidi, tazama picha ya Knud Bergslien ya mwaka 1869, inayoonyesha wapiganaji wawili wa Birkebeiner, kundi la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Norwe, wakimvusha milimani kwa skii mtoto wa mfalme, Håkon Håkonsson, katika tukio la mwaka 1206. Hapo ona jinsi uzito unavyobebwa na magoti.

Mambo matatu humfunga mtelezaji na ardhi, na ukiyakosa ataelea. La kwanza ni kivuli chake. Akiwa chini, kivuli kinaanzia kwenye skii zenyewe; akiwa ameruka, kivuli kinajitenga, na urefu wa pengo ndio unaosema amepaa kiasi gani. Fanya pengo hilo kwa makusudi, la sivyo utamrusha bila kutaka. La pili ni alama za skii. Ni mifereji yenye ukuta mmoja wa mwanga na mmoja wa kivuli. Si mistari ya penseli. Mikunjo yake hukaribiana na kuwa myembamba kadiri inavyokwenda mbali, na hupanda na kushuka pamoja na ardhi. Alama hizi ni zawadi kubwa kwa mchoraji, kwa kuwa zinaeleza umbo la mteremko mweupe ambao vinginevyo hauna cha kuushika. La tatu ni vumbi la theluji. Linaruka kutoka skii ya nje kuelekea nje ya kona, zito karibu na skii na jepesi mwishoni. Lipake kwa brashi kavu yenye rangi ya kivuli kwanza, kisha mwanga juu yake, hasa jua likiwa nyuma yake.

Mavazi yake yapewe rangi moja iliyokolea. Nyekundu kidogo katikati ya buluu nyingi ina sauti kubwa, kwa hiyo iwe mahali pamoja tu, na upande wa kivuli wa koti usogee kuelekea urujuani ili mtu huyo aishi katika mwanga uleule wa mlima. Na awe mdogo. Mtelezaji anayechukua sehemu ya kumi ya kimo cha picha tayari anatawala.

Ukitumia rangi za maji

Mpangilio unageuka lakini kanuni inabaki. Karatasi ndiyo theluji ya juani, hivyo unaiacha bila kuigusa. Tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa mkwaruzo. Linda sehemu ndogo ngumu, kama fimbo na skii, kwa gundi maalumu ya kuzuia rangi. Loanisha anga na uipake, subiri ikauke, kisha vivuli kwa mpigo mmoja wa altramarini iliyotiwa alizarini. Ukingo unaotaka ulainike uguse kwa brashi yenye maji safi kabla haujakauka. Giza la miti liwe la mwisho. Usirudi juu ya kivuli kilichoanza kukauka. Kitapata madoa ambayo hayaondoki.

Kumaliza

Igeuze picha juu chini, au itazame kwenye kioo. Makosa ya toni yatajitokeza mara moja. Funga macho nusu: je, kivuli chochote kimekuwa giza kuliko mwamba? Je, anga imeupita mlima kwa mwangaza wakati jua linawaka? Rekebisha kwa tabaka zenye mafuta ya kitani mengi kidogo kuliko za chini, kwa kuwa tabaka kavu likiwekwa juu ya lile lenye mafuta mengi hupasuka baadaye.

Sasa tu ndipo unaruhusiwa kufungua nyeupe tupu. Chagua sehemu tatu au nne: ukali wa tuta lililo karibu na mtelezaji, chembe ndani ya vumbi la theluji, ncha ya kilele. Ukiweka ya kumi, zile tatu za kwanza zimezimika. Theluji inayoanguka, kama unaitaka, ingoje hadi picha ikauke kabisa. Kisha yeyusha nyeupe kwa tapentaini, uirushe kutoka kwenye brashi ngumu kwa kidole, matone makubwa machache mbele na madogo mengi nyuma, yote yakiinamia upande mmoja wa upepo. Vanishi isubiri miezi sita hadi kumi na miwili, na zaidi ya hapo mahali ulipoweka rangi nene kwa kisu, kwa sababu tabaka hizo hukauka juu muda mrefu kabla ya ndani.